Diski ya RAM au Kache ya Faili: Kipi Kitaiharakisha Laptopu Yako?

Kila zikikaribia wiki za kukabidhi tasnifu na miradi ya mwaka wa mwisho, kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa yetu. Unasema hivi: RAM ina kasi kuliko diski, kwa hiyo kata kipande cha RAM, kigeuze kiwe diski, hamishia humo kazi zako na kivinjari chako, na laptopu itapaa. Wapo hata wanaotoza hela kidogo ili wakusetie.

Mimi nasoma mambo ya kompyuta, na wenzangu huniletea laptopu zao pale vimbwetani. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, nikaona bora niliandikie ili lisomwe na wengi kwa mpigo. Jibu langu ni kwamba nusu ya kwanza ya ushauri ule ni kweli kabisa. Tatizo liko kwenye hiyo "kwa hiyo". Kompyuta yako tayari inaitumia RAM iliyobaki wazi kuharakisha faili, bila kuombwa na mtu. Ukiikata RAM hiyo na kuifanya diski, mara nyingi unaipunguzia kompyuta kasi, na zaidi ya hapo unaiweka tasnifu yako mahali ambapo umeme ukikatika, imekwenda.

Twende taratibu, tuone kwa nini.

Diski inachelewa kiasi gani?

Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua kwa bumu bado zina diski kuu ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Sahani ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 na kidogo. Kompyuta ikitaka faili, kichwa cha kusomea lazima kwanza kisogee hadi kwenye njia yake, kama milisekunde 10 hivi, halafu kisubiri sehemu inayotakiwa izunguke hadi ifike chini yake, kwa wastani nusu mzunguko. Jumla ni kama milisekunde 15 kabla hata herufi moja haijasomwa.

RAM haina kitu kinachozunguka. Kompyuta ikiomba kitu kilichomo kwenye RAM, hukipata ndani ya nanosekunde 100 hivi. SSD, ile diski isiyo na sahani, iko katikati: kama mikrosekunde 100.

Namba hizi ni ndogo mno kuzihisi, basi tuzikuze. Tuseme kuchukua kitu kwenye RAM kunachukua sekunde 1. Kwa kipimo hicho hicho, SSD ingechukua kama dakika 17, muda wa kwenda kantini na kurudi. Diski ya sahani ingechukua zaidi ya saa 40. Ndiyo maana ukibonyeza kufungua programu kwenye laptopu ya zamani unasikia diski inakwaruza huku wewe umeshika tama. Wazo la kuikwepa diski, kwa hiyo, ni wazo zuri. Swali ni nani aikwepe, na kwa njia gani.

Njia ya kwanza: diski ya RAM

Diski ya RAM ni programu inayochukua sehemu ya RAM na kuiambia kompyuta, "hii nayo ni diski." Inapata jina lake kama diski nyingine, unaifungua, unanakili faili ndani yake, unafuta, kila kitu kama kawaida. Tofauti ni kwamba ukizima kompyuta, kila kilichomo kinapotea.

Ufundi huu si mpya. PC DOS 3.0 ya IBM, iliyotoka mwaka 1984, ilikuja na programu ya kazi hiyo iliyoitwa VDISK. Kwa wakati ule ilikuwa na maana kubwa. Programu za DOS zilibanwa ndani ya KB 640 za kumbukumbu. Hata ukinunua kompyuta yenye kumbukumbu zaidi ya MB 1, programu nyingi hazikuweza kuigusa ile ya ziada. Diski zenyewe zilikuwa zile za plastiki za kuchomeka na kuchomoa, polepole kweli kweli. Kugeuza kumbukumbu isiyotumika kuwa diski ilikuwa kuokota kitu kilichokuwa kinapotea bure.

Shika neno hilo, kumbukumbu isiyotumika, maana ndilo lililobadilika. Mfumo endeshi wa leo, uwe Windows au Linux, hauiachi RAM ikae bure.

Njia ya pili: kache ya faili

Kila mara kompyuta inaposoma faili kutoka kwenye diski, nakala yake inapita kwenye RAM. Mfumo endeshi hauitupi nakala hiyo ukishamaliza. Unaiacha palepale, kwa hesabu kwamba huenda ukaihitaji tena. Ukifungua faili hiyo mara ya pili, inatoka kwenye RAM moja kwa moja na diski haiguswi kabisa. Hiyo ndiyo kache ya faili. Programu yako mpya ikihitaji nafasi, mfumo unazitupa nakala ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu na kuiachia programu nafasi hiyo papo hapo. Hakuna kinachopotea, kwa sababu asili yake iko kwenye diski.

Mfano wake tunao hapa hapa chuoni. Wiki za mitihani, vimbweta vinajaa. Kuna mwanafunzi anayekaa popote palipo wazi, na akija mwenye kundi la majadiliano ananyanyuka bila ugomvi na kuhamia pengine. Huyo ni kache. Kuna mwingine anaweka begi lake kwenye kimbweta saa 12 asubuhi, anakwenda kulala hosteli, na kimbweta kinakaa kitupu hadi jioni huku wenzake wamesimama. Huyo ni diski ya RAM. Wote wawili wanatumia kimbweta kilekile, lakini mmoja anakifanya kitumike, mwingine anakizuia kitumike.

Niwe mkweli kidogo hapa, kwa sababu diski zote za RAM hazifanani. Nyingi za kwenye Windows, ukiziambia GB 1, zinachukua GB 1 yote kuanzia mwanzo, hata kama ndani hamna kitu. Linux ina aina inayoitwa tmpfs, ambayo ni ya kistaarabu zaidi: inachukua kadiri ulivyoijaza tu, na ukifuta faili inarudisha nafasi. Kinachofurahisha ni kwamba tmpfs imejengwa juu ya kache yenyewe. Ni kache ya faili iliyoondolewa diski nyuma yake. Mtu anayekuambia tmpfs ina kasi kuliko kache anakuambia kache ina kasi kuliko kache.

Hesabu ya laptopu ya GB 4

Sasa tuingie kwenye laptopu halisi. Una RAM ya GB 4. Windows 10 peke yake, kabla hujafungua chochote, inachukua takriban GB 2. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi na kitu, weka programu ya kuandikia tasnifu, GB 1 nyingine imekwenda. Imebaki kama GB 1, na hiyo ndiyo kache inaitumia kukushikia faili unazozirudia.

Anakuja mshauri wetu, anaikata ile GB 1 na kuifanya diski. Kache inabaki haina pa kukaa. Kila programu unayoifungua inasomwa upya kutoka kwenye diski ya sahani. Ukifungua ukurasa mmoja zaidi, RAM inakwisha kabisa, na Windows inaanza kuhamishia vitu vya RAM kwenye diski ili kupata nafasi. Hapo ndipo laptopu inaganda, kishale hakisogei, na taa ya diski haizimi. Ni shuka fupi: ukivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje.

Halafu kuna jambo la pili ambalo ushauri ule haulisemi. Faili haijikuti tu kwenye diski ya RAM. Lazima kwanza uisome kutoka kwenye diski ya kawaida na kuinakili humo, kila unapowasha kompyuta. Kuchelewa kule kwa mara ya kwanza hujakukwepa, umekuhamisha tu. Na baada ya usomaji ule wa kwanza, kache nayo ingekuwa na nakala ileile.

Nimewahi kuona pia mtu ameweka faili ya Windows ya kupunguzia mzigo wa RAM, ile inayoitwa pagefile, ndani ya diski ya RAM. Hebu fikiria. RAM imejaa, kwa hiyo unahamisha vitu kwenda kwenye RAM, uliyoifanya ijae mapema kwa kuikata.

Jaribu mwenyewe

Usiniamini kwa maneno. Kwenye Windows, washa laptopu upya, subiri itulie, kisha fungua programu unayoandikia na upime muda kwa simu. Ifunge. Ifungue tena na upime. Kwenye diski ya sahani tofauti utaiona kwa macho. Ile mara ya pili ni kache. Kisha fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya kumbukumbu, tazama kiasi kilichoandikwa "Cached". Hicho ndicho watu wanachodhani kimepotea, na kumbe kinakufanyia kazi.

Kwenye Linux ni wazi zaidi. Andika:

free -h

Tazama safu ya "buff/cache" na ile ya "available". Wengi wanatazama "free" peke yake, wanaona namba ndogo, wanashtuka. Namba ya kukuhusu ni "available", yaani kiasi ambacho programu inaweza kupewa ikihitaji, pamoja na kile ambacho kache iko tayari kukiachia. Sasa chukua faili kubwa, tuseme video ya MB 500, uiite video.mp4, na uisafishe kache kabla ya kuanza:

sync
echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches
time cat video.mp4 > /dev/null
time cat video.mp4 > /dev/null

Mstari wa tatu unasoma kutoka kwenye diski. Wa nne ni amri ileile, ila unasoma kutoka kwenye kache. Ukitaka, nakili video hiyo kwenye /dev/shm, ambayo Linux huwa imeitenga tayari kama tmpfs, na upime huko pia. Linganisha na mstari wa nne, uone kama kulikuwa na haja ya kuhama.

Jaribio hili linatufundisha pia kuhusu zile programu zinazojiita za "kusafisha RAM". Kazi yake kubwa ni kuisukuma kache itoke ili namba ionekane nzuri. Kwa maneno mengine, zinakurudisha kwenye mstari wa tatu.

Kuandika ni habari nyingine

Hadi hapa nimezungumzia kusoma. Kwenye kuandika, diski ya RAM ina hoja ya kweli, na hatari ya kweli.

Ukihifadhi faili kwa njia ya kawaida, mfumo endeshi huipokea kwenye kache na kukuambia "tayari", kisha huiandika kwenye diski baadaye kidogo. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huweza kuiacha data kwenye RAM kwa sekunde kama 30 kabla ya kuianza safari ya diski. Ndiyo maana kuhifadhi kunaonekana kwa haraka. Ndiyo maana pia tunaambiwa tusichomoe flashi kienyeji: huenda faili uliyoinakili bado iko kwenye RAM ya kompyuta ya maktaba, na flashi unayokwenda nayo kwenye chumba cha uchapishaji ina nusu yake. Windows 10, kuanzia toleo la 1809 la mwaka 2018, imeweka flashi kwenye mpangilio wa kutochelewesha uandishi, lakini tabia ya kuitoa kwa utaratibu ni nzuri bado, maana si kila kompyuta utakayochomeka inafanya hivyo.

Hili lilishawahi kuleta kilio. MS-DOS 6.0 ya mwaka 1993 ilikuwa na kache iitwayo SMARTDrive, na kwa kawaida ilichelewesha uandishi. Watumiaji walizoea kuzima kompyuta pale tu kioo kinaporudi kwenye sehemu ya kuandikia amri. Kioo kilirudi, lakini data ilikuwa haijafika kwenye diski. Toleo la 6.2 lililotoka mwaka huohuo lilibadilisha utaratibu: kioo hakirudi mpaka kilichokuwa kwenye kache kimeandikwa.

Programu zinazojali data, kama hifadhidata, hazikubali jibu la "tayari" la juujuu. Zinaiambia kompyuta: usinijibu mpaka diski yenyewe ithibitishe. Kwa diski ya sahani, kila uthibitisho ni zile milisekunde zetu. Fanya hivyo mara elfu moja na umesubiri sekunde nyingi. Hapa kache haisaidii, kwa sababu programu imekataa kuridhika na kache. Diski ya RAM inasaidia, kwa kuwa inajibu "tayari" papo hapo. Lakini tuelewane: inajibu hivyo kwa sababu haina mahali pa kudumu pa kuandika. Kasi yake kwenye kuandika imetokana na kuacha ile kazi yenyewe ya kuitunza data yako.

Ndiyo maana nasema tasnifu isikae huko. Kache ikikatikiwa na umeme, unapoteza sekunde chache za mwisho. Diski ya RAM ikikatikiwa na umeme, unapoteza vyote ulivyofanya tangu uliponakili mara ya mwisho kwenye diski ya kweli. Na laptopu zetu nyingi za mtumba betri zimeshakufa, zinaishi kwa waya. Mwenzako akikanyaga waya ule pale chumbani, sura ya nne imekwenda na maji.

Diski ya RAM inafaa lini?

Si kwamba haina kazi. Inafaa pale ambapo vitu viwili vinakutana: una RAM ya kutosha, na faili zenyewe hata zikipotea huhuzuniki.

Unajaribu programu ya mradi wako yenye hifadhidata, na kila jaribio linaijenga hifadhidata upya na kuifuta? Iweke kwenye tmpfs. Utaona tofauti, na kikipotea kitu unakijenga tena kwa amri moja. Una faili za siri unazozifungua kwa muda na hutaki alama yake ibaki kwenye diski? Inafaa pia, ila kumbuka tmpfs inaweza kusukumwa kwenda kwenye diski RAM ikibana, kama umeiwekea Linux sehemu ya swap. Na kuna mifumo kama Puppy Linux, midogo kiasi cha kuingia yote kwenye RAM wakati wa kuwaka. Kompyuta kuukuu yenye diski mbovu inaweza kufufuka kwa njia hiyo, na mfumo wenyewe unakuuliza uhifadhi kazi zako kabla ya kuzima.

Vipi wanaosema wanailinda SSD isichakae? Tupige hesabu. Samsung 860 EVO ya GB 250 ina udhamini wa miaka 5 au TB 150 za kuandikwa. Ukiandika GB 20 kila siku ya Mungu, bila Jumapili wala likizo, TB 150 zitakwisha baada ya siku 7,500, yaani zaidi ya miaka 20. Kabla ya hapo utakuwa umeshaigawa laptopu hiyo kwa mdogo wako, naye kwa mdogo wake.

Basi ufanye nini?

Kama laptopu yako ni nzito na ina diski ya sahani, hela ya kusetiwa usiitoe. Iweke pembeni, uongezee taratibu, ununue SSD. Hata ile ya kawaida ya SATA inasoma karibu MB 500 kwa sekunde, na muhimu zaidi, haina sahani ya kuisubiri. Usomaji wa mara ya kwanza, ambao si kache wala diski ya RAM inayoweza kuutibu, ndio unaopona hapo. Mwombe fundi akuhamishie data mbele yako, na diski ya zamani uondoke nayo. Inakufaa kwa nakala za akiba.

Kama RAM ni GB 4 na laptopu inakubali kuongezwa, fika GB 8. RAM ya ziada usiigawe. Iache wazi tu, mfumo utajua wa kuipa, leo kivinjari, kesho faili zako.

Kama huna hela kabisa, na wengi wetu tuko hapo, punguza kurasa zilizofunguliwa kwenye kivinjari na ondoa programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka. Kila MB 100 unazoziokoa zinakwenda kwenye kache moja kwa moja, bure. Na badala ya kuizima laptopu kila unapokwenda darasani, ilaze: ikiamka, kache iko palepale ilipokuwa. Ila kama betri ndiyo ile ya kuishi kwa waya, hifadhi kazi kwanza.

Tasnifu yako iache kwenye diski, na nakala ya pili kwenye flashi, na ya tatu kwenye barua pepe yako mwenyewe. Faili ya tasnifu kwa kawaida haifiki hata MB 20. Ukishaifungua mara moja asubuhi, kama kuna nafasi ya kutosha, kache inaishika yote, na siku nzima unaifungua kwa kasi ya RAM huku asili yake iko salama.